Kikombe Kilichopoa Umm Rish

9 Oktoba
Daftari hili nimepewa na watu wa hifadhi kutoka mjini ili niandike ndege: ni wa aina gani, wametua wapi, wanapita au wanakaa. Ndege sitawaandika. Ndege hawajanikosea kitu. Nitamwandika Sahain.

Kwanza nijitaje, maana daftari likianguka majini na mtu akaliokota, ajue ni la nani. Mimi ni Tiswahin, mjane, nafuga nyati wa maji katika vinamasi vya Chibayish, kusini mwa Iraq. Kusoma na kuandika nilijifunza ukimbizini, miaka ile vinamasi vilipokaushwa. Watu huniita Umm Ghadban, kwa jina la mwanangu aliyeko Basra. Ghadban maana yake mwenye hasira. Husema mtoto alipewa jina tu, hasira zenyewe akabaki nazo mama.

Tangu mwezi huu mimi ndiye mlinzi wa bwawa la Umm Rish. Ukoo wetu umelifunga ili ndege wanaokuja majira ya baridi wapate pa kupumzika: hakuna bunduki humo, hakuna nyavu, hakuna waya wa umeme wa kuulia samaki. Kazi hii ilikuwa ya mdogo wangu Chilaib, ninayeishi naye nyumba moja. Chilaib maana yake kijibwa. Mama alimpa jina baya makusudi, kama tufanyavyo huku, ili kijicho kimdharau kimpite. Kijicho kweli kilimpita. Kilichompata ni vipunje vya risasi ya bata. Mwaka jana, alfajiri moja ya ukungu, Sahain alililenga kundi la bata lililoruka juu ya bwawa lililofungwa akafyatua bunduki, na mdogo wangu alikuwa amesimama mtumbwini nyuma ya matete. Yalikwenda macho yote mawili.

Wanaume walikaa katika mudhif, ile nyumba kubwa ya matete tunayopokelea wageni, wakasema, wakasuluhisha. Chilaib mwenyewe akanywa kahawa ya suluhu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Basi nimeapa peke yangu: sitapaka hina mikononi, wala sitamwita Sahain kwa jina lake la heshima, Abu Lafta, mpaka macho ya mdogo wangu yalipwe.

14 Oktoba
Sahain kaleta kamba mpya za nyavu. Za kijani.

20 Oktoba
Leo bwawa limefungwa rasmi. Zayir Manshad, mzee wa ukoo, alisimika bendera ya Abbas, shahidi tunayemwapia huku, juu ya tuta, na kila mwanamume mwenye nyumba akapita kufunga fundo moja kwenye pindo lake. Ukishafunga fundo umeapa: hutawinda ndani, hutagusa milango ya maji, hutavuka mpaka. Na Abbas hana mchezo. Huku mtu anaweza kuapa uongo kwa Mungu akitegemea rehema zake, lakini kwa Abbas huufyata ulimi.

Zamu ya Sahain ilipofika nilivitazama vidole vyake. Vizito, kucha zimepasuka, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki vizuri. Ni kidole hicho hicho kilichofyatua.

"Kaza vizuri, Sahain," nikamwambia mbele za watu. "Wewe kamba unazijua."

"Nimekaza, Umm Ghadban."

"Mwaka jana pia ulikaza."

Watu wakatazama chini. Zayir Manshad akakohoa kile kikohozi chake cha kuzima moto. "Mama, leo ni siku ya bendera."

"Ndiyo, Zayir. Nami namsaidia asisahau."

Sahain alirudi kwenye mtumbwi wake akichechemea kidogo. Sijui amejikata na nini. Nitajua.

27 Oktoba
Siku ya nne tunakata matete, mimi na wanawake wa pande hizi. Bata hawapendi msitu. Wanataka uwazi, maji ya kufika gotini, na ukuta wa matete pembeni wa kujifichia upepo. Kwa hiyo tunafungua vyumba ndani ya matete, na yale makavu ya mwaka juzi tunayachoma, yachipue mapya.

Wenzangu wanadhani nafanya bidii kwa sababu ya watu wa hifadhi. Hawajui ninalopanga. Jirani na Umm Rish kuna bwawa la Hadda, ambalo halikufungwa, na huko ndiko Sahain anakotega nyavu kwa halali kabisa. Anaishi kwa ndege hao. Mimi nitaifanya Umm Rish iwe tamu hata ndege mmoja asitamani kulala Hadda. Nitamnyang'anya wote, na hakuna mzee atakayeweza kunilaumu, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Mikono imejaa malengelenge. Kila tete ninalokata nalitaja kwa jina la Sahain.

3 Novemba
Ndege wameanza kushuka. Nyavu za Sahain: tupu.

5 Novemba
Tupu.

6 Novemba
Kanasa korongo mmoja, akamfungua akamwachia. Mjinga.

9 Novemba
Nimekutana naye mferejini, mtumbwi wake unaelea juu juu kwa wepesi.

"Salaam, Umm Ghadban."

"Salaam za nini na mtumbwi mtupu?"

"Riziki kwa Mungu."

"Na ndege kwangu."

Akatabasamu, yule mtu, eti nimemtania. "Nasikia wamejaa huko kwako mpaka maji hayaonekani."

"Nani kakwambia?"

"Chilaib. Nilimpitia jana, nikampelekea tumbaku."

Nyumbani kwangu! Nimetoka kwenda kukamua nyati, naye anakaa kwenye mkeka wangu anamwashia mdogo wangu tumbaku!

"Ukikanyaga tena kwangu nisipokuwepo," nikamwambia, "nitakutoboa mtumbwi."

"Nitakuja ukiwepo," akasema, akapiga upondo akaenda zake. Koti lake la bluu limechanika begani, na mkewe hajalishona.

13 Novemba
Mvua hakuna. Maji yanashuka.

Maji matamu hutufikia kwa mfereji mmoja tu kutoka mto Furati. Kwenye tuta mfereji unagawanyika: mlango mmoja unaingiza Umm Rish, mwingine Hadda, na kila mlango unafungwa kwa mbao zinazopachikwa moja juu ya nyingine. Maji yakizidi bwawani nabana, yakipungua naongeza wazi, ili kina kisiwazidi bata wala kisiwapungukie. Leo Zayir Manshad kaja akatia fimbo majini, akanipa amri: "Umm Rish kwanza, ndilo tulilowaahidi ndege. Lakini watu wa Hadda uwaachie ubao mmoja wazi, nyati wao wapate cha kunywa. Wasije wakarudia maji ya chumvi."

"Nimesikia, Zayir."

Nilisikia. Alipokwisha ondoka nikaupachika na huo mmoja.

18 Novemba
Chilaib hunywa chai yake ya asubuhi kwa kelele, anapenda sukari nyingi mpaka kijiko kisimame. Leo alitua gilasi katikati.

"Dada, mlango wa Hadda umenyamaza."

"Maji yamepungua."

"Maji yakipungua hulia kwa sauti nyembamba. Haunyamazi."

"Masikio yako yamechoka."

"Macho yangu ndiyo yaliyochoka. Masikio ni mazima." Akasubiri. Nilikuwa nakanda unga wa mchele, nikaendelea kukanda. "Nyati hawajamkosea mtu, Tiswahin."

"Na wewe ulimkosea nani?"

Nikachoma mkate. Yule kijana aliyekuwa akirusha jiwe na kuangusha kuku-maji kutoka ng'ambo, leo anapapasa kutafuta gilasi yake mwenyewe. Asinihubirie nyati.

21 Novemba
Hadda imebaki tope na rangi ya majivu. Chumvi imeganda mizizini mwa matete. Sahain anasimama pale mchana kutwa. Ametia mkono majini, akaulamba, akatema.

Anaweza kuja kuuvuta ubao mwenyewe. Hakuna anayelinda mlango ninapokwenda kukamua. Haji. Kafunga fundo, anaogopa Abbas. Mwaka huu ndiyo anaogopa.

24 Novemba
Wabriya, mke wa Sahain, kaja leo kwa miguu juu ya tuta akivuta nyati jike kwa kamba. Mwanamke mwembamba, mchapakazi, mcheshi siku nyingine. Leo hakuwa na mzaha.

"Umm Ghadban, mtazame huyu."

Nikamtazama. Nyati alikuwa na ukungu mweupe juu ya macho, kama utando wa malai juu ya maziwa yaliyopoa. Alikanyaga ukingo, mguu ukateleza, akarudi nyuma akikoroma kwa hofu.

"Ni chumvi," akasema Wabriya. "Wanakunywa, inawapanda machoni. Huyu ndiye anayetulisha, na wawili wengine wanaanza. Dada yangu, nimekulilia. Ubao mmoja."

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Daktari atampa maji matamu? Wewe ndiye uliye nayo."

Nilimwambia maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasema, sitayapamba: "Jicho kwa jicho, Wabriya. Mumeo alichukua mawili. Bado nyati wenu hawajatosha."

Akalivuta pindo la ushungi wake, akamfuta nyati machozi. "Mimi nilidhani tunazungumza juu ya maji," akasema, akageuka.

Nilitegemea kufurahi. Nilifurahi, lakini ilikuwa furaha ya kula peke yako.

26 Novemba
Sikufungua.

29 Novemba
Leo niandike yote.

Baada ya kukamua nilikuta mitumbwi miwili imefungwa mlangoni. Ndani ameketi Zayir Manshad, na chini kabisa, karibu na viatu, Sahain. Chilaib alikwisha washa makaa na kuchemsha kahawa. Humimina kwa kusikiliza: birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, na mlio wa kahawa ikigusa kikombe humwambia inatosha. Alimpa Zayir. Akamimina tena, akanyoosha mkono kuelekea kule alikosikia Sahain akipumua.

Sahain akapokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Akakitua kikombe juu ya mkeka, mbele yangu.

Hapa kwetu jambo hilo halina tafsiri mbili. Mgeni akitua kikombe, ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe. Na mwenye nyumba muungwana haulizi ni haja gani. Husema papo hapo, "Kunywa kahawa yako, haja yako imetimia," hata kama mgeni atakuja kumwomba ngozi ya mgongo. Kuiacha kahawa ipoe ni kumvua mtu nguo mbele za watu. Tangu nizaliwe nimesikia ilitokea mara moja, na ukoo ule ukahama.

Vikombe hutuliwa mbele ya wanaume. Lakini mlinzi ni mimi na nyumba ni yangu, na Sahain alikitua mbele yangu.

Nikakitazama kile kikombe. Mvuke ulikuwa unapanda. Zayir akakohoa. Chilaib akageuza uso huku na huku, akisikiliza neno langu. Sikusema. Mvuke ukapungua. Nje nyati wangu wakawa wanacheua, na kwa mbali ndege wanapiga kelele za mchana. Sahain kainamisha kichwa, jasho linamtiririka shingoni na kahawa inapoa, na mimi nikasema moyoni: onja. Mwaka mzima mimi nimekunywa iliyopoa.

"Tiswahin," Zayir akasema chini chini.

Mvuke ukakatika kabisa. Ndipo nikafungua mdomo. "Una haja gani, Sahain?"

"Maji. Ubao mmoja, kwa ajili ya nyati."

Zayir akashtuka. "Ubao mmoja si uko wazi? Niliagiza mwenyewe."

Sahain alijua. Mtu yeyote aliyesimama Hadda siku mbili angejua. Akainua kichwa akaniangalia, kisha akamwambia Zayir, "Labda takataka zimeziba, Zayir. Mafunjo mengi mwaka huu."

Kunisitiri! Yeye anisitiri mimi! Heri angenipiga kofi.

"Hakuna takataka," nikasema. "Niliupachika mimi, kwa mikono hii isiyo na hina. Sikuziba kwa bahati mbaya, Zayir, usije ukanitafutia udhuru. Nilitaka nyati wao wapofuke."

Zayir Manshad alifunika uso kwa kiganja. "Astaghfirullah, binti wa Barur. Bendera iko pale juu, nawe..."

"Mimi sikufunga fundo. Wanawake hatuitwi kufunga. Kama hatukuitwa kuulizwa."

Zayir akakishusha kiganja.

"Maji utapata," nikamwambia Sahain. "Lakini nataka macho. Usitetemeke, sitayang'oa. Kila alfajiri, kuanzia keshokutwa mpaka ndege wa mwisho wa msimu huu aondoke, utakuja hapa bila bunduki. Utamchukua Chilaib kwenye mtumbwi wako, utamzungusha Umm Rish yote, na utamwambia kila unachokiona. Kila ndege. Utawatazama usioweza kuwala, na utamtazama yeye usoni, siku hadi siku, mpaka uchoke kuwa na macho."

"Jamani, na mimi je?" Chilaib akasema. "Mimi hakuna anayeniuliza?"

"Mwaka jana nilisema hivyo hivyo nyuma ya ukuta wa mudhif," nikamjibu. "Hukunisikia?"

Akalirudisha birika kwenye makaa.

Sahain akachukua kikombe. Akakinywa hadi mashapo, baridi vile vile, akakitikisa kwa adabu kuonyesha ametosheka. "Nitakuja," akasema.

Nikaenda kuvuta ubao. Ulikuwa umevimba, ukanichubua viganja.

1 Desemba
Kaja. Kabla ya jua, koti lile lile. Kamshika Chilaib mkono kumpandisha mtumbwini, na mimi hakuthubutu kunitazama. Vizuri.

2 Desemba
Kaja.

3 Desemba
Kaja. Bega bado halijashonwa.

7 Desemba
Mvua, alhamdulillahi. Siku nzima. Kaja hata hivyo, amejifunika turubai, na Chilaib amefunikwa turubai kubwa zaidi.

8 Desemba
Nyati wa Wabriya kapona jicho la kulia. La kushoto limekufa.

15 Desemba
Leo niliwafuata kwa mtumbwi wangu, nyuma ya matete. Nilitaka kuona uso wake. Anapiga upondo amesimama, Chilaib kaketi mbele akimwelekea, na Sahain anazungumza, anazungumza tu. Sikuyasikia maneno kwa upepo. Kila mara anamtazama usoni, pale makovu yalipo, kisha anatazama majini, kisha tena usoni. Mara moja aliacha upondo akajipangusa pua kwa mkono wa koti. Nilirudi nyumbani nimeshiba.

29 Desemba
Kakonda. Koti linampwaya.

11 Januari
Nimesikia kicheko.

Nilikuwa kwenye tuta napachika mbao, maana sasa maji yamezidi na bata hawafiki chini kula. Kikatoka ndani kabisa ya Umm Rish, kicheko kirefu, cha kukatika pumzi. Nikajiuliza ni nani. Ilinichukua muda kukitambua. Chilaib hajacheka hivyo tangu kabla ya ukungu ule.

Ubao ukaniponyoka ukaenda na maji.

12 Januari
Nimemvaa Chilaib.

"Anakuambia nini huko hata unakenua meno?"

"Ndege, dada. Si ndiyo hukumu yako?"

"Ndege wanachekesha nini?"

"Kuna bata bukini mmoja, mzee, mguu mbovu. Anatembea kifua mbele, fimbo tu ndiyo hana. Sahain kampa jina la Zayir." Akaanza tena kucheka. "Jana Zayir kawafukuza wenzake penye mizizi, halafu akasimama kukohoa!"

"Ndege hakohoi."

"Njoo usikie mwenyewe. Mtumbwi una nafasi."

"Mimi nina kazi," nikasema. Nilitia sukari kijiko kimoja tu kwenye chai yake. Akanywa bila kulalamika, na hilo likanikera zaidi. Nilimfunga Sahain kwa mdogo wangu kama jiwe shingoni, nao wanaelea.

2 Februari
Kaja. Kaleta malai ya nyati wa Wabriya, yule chongo. Nimeyaweka dirishani. Chilaib kayala.

3 Februari
Yalikuwa malai mazuri. Nilichovya mkate ukingoni tu.

19 Februari
Wabriya kamshonea bega. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu, mishono mirefu ya haraka. Anafika mapema kuliko zamani, kabla sijawasha moto. Wakati mwingine wanakuwa wamekwisha ondoka nikiamka.

6 Machi
Imekwisha. Tangu jana makundi yanainuka yakielekea kaskazini, na leo la mwisho limekwenda. Sahain akamfikisha Chilaib ukingoni, akamkabidhi kwangu.

"Umm Ghadban, wameondoka."

"Basi na wewe ondoka."

Akamgeukia Chilaib kama anayetaka kusema neno, akaliacha. Nikatazama mtumbwi wake mpaka ukapinda kwenye mafunjo. Kalipa. Nimemfanya alipe kwa ulimi wake mwenyewe, siku baada ya siku, msimu mzima, na hakukosa hata moja.

Nimekoroga hina. Nimepaka viganja vyote viwili na ncha za vidole, nimekaa juani ikikauka, na nimeimba.

7 Machi
Hina imeshika vizuri, nyekundu ya kukolea.

Alfajiri nimeamka nikakuta mkeka wa Chilaib mtupu. Alikuwa ameketi nje kwenye mtumbwi wetu, amejifunga kilemba, uso kaelekeza Hadda.

"Haji," nikamwambia. "Hukumu imekwisha jana."

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

"Mwili ndio ulioamka."

Nikaona haya kumwacha pale. Nikachukua upondo, nikamwambia, leo nitakuzungusha mimi. Akafurahi, kweli alifurahi, akasogea mbele na kugeuka kunielekea kama anavyokaa na yule. Tukaingia Umm Rish. Maji yalikuwa meupe kwa mwanga, na mbali kidogo kulikuwa na ndege waliobaki, wale wasiohama.

"Haya, dada. Unaona nini?"

"Bata."

"Bata gani?"

"Bata tu. Wachache."

"Wamekaa upande gani? Kwenye chumba cha kwanza au kile kilichochomwa?"

Mimi ndiye niliyevikata vyumba vile, na sikujua ni ndege gani hukaa kipi. Nikasema, "Kilichochomwa."

"Na Zayir? Yeye hakuondoka. Hawezi kuruka mbali, mguu na bawa upande mmoja. Yuko wapi?"

Nikatafuta. Matete, maji, kuku-maji wawili au ni kitu kingine. "Yupo," nikasema. "Kule kwenye mafunjo."

"Anafanya nini?"

"Anaogelea."

Mtumbwi ukaenda wenyewe kidogo. "Zayir haogelei asubuhi," akasema Chilaib. "Asubuhi husimama juu ya kichuguu cha matete, anakausha mguu."

Nikasukuma upondo.

"Dada, msimu wote huu ulikuwa unatazama nini?"

Ningeweza kumwambia. Ningemwambia koti la Sahain lilichanika bega gani na likashonwa kwa uzi gani, kidole chake kipi hakikunjiki, siku gani nyavu zilikuwa tupu na mwezi gani alianza kukonda. Hayo ninayo yote, nimeyaandika humu. Katika daftari la ndege.

Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata wangu juu ya upondo, akanusa hina. "Imekaa vizuri," akasema. "Sasa nirudishe, Tiswahin. Halafu nirudishie Sahain."

Nilimrudisha. Nikakaa juu ya tuta hadi jua likapanda, nikibishana na nafsi yangu, na nafsi ikanishinda. Nikapiga upondo hadi Hadda.

Wabriya alikuwa anakamua yule chongo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinikaribisha ndani, na mumewe alikuwepo, akirekebisha wavu magotini. Aliona viganja vyangu, akavitazama tu, akaweka wavu kando. Wabriya akaleta birika. Sahain mwenyewe akamimina, akanipa kikombe.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikakitua kikombe juu ya mkeka, mbele yake, kwa mkono mwekundu wa hina, na nikajiandaa. Niliutazama mvuke. Nikasema, mwache akiache kipoe. Ni haki yake. Nitakaa hapa hadi kipoe.

"Kunywa, Umm Ghadban," akasema papo hapo, kabla mkono wangu haujaachia kikombe. "Haja yako imetimia."

"Hujui ninataka nini, Abu Lafta."

"Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, na hata sasa ninapoandika haya bado unaniwasha.